Salamu Zilipita, Picha Zikakwama

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumwamkia mama mmoja kwa maandishi. Nilikaa kwenye chumba cha seva cha hospitali yetu, Bomani, katikati ya mji wa Tarime, nikafungua dirisha la ujumbe kwenye kompyuta na kuandika, "Shikamoo mama." Yeye alikuwa Machochwe, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, kwenye kliniki ndogo ya hospitali hiyohiyo. Alijibu, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Nikishasema nimeamka salama, mkuu wangu wa kitengo aliandika kwenye taarifa ya siku kwamba mtandao wa Machochwe ni mzima. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Huku kwetu mtu haanzi neno bila salamu, na salamu ikiitikiwa tunaamini mengine yote yako sawa.

Mama huyo alikuwa mtaalamu wa mionzi aliyekaribia kustaafu. Watu wa Machochwe walimwita mama wa picha. Mashine ya eksirei iliyokuwa pale aliipigania yeye, na chumba chenye kuta nene kilijengwa kwa ng'ombe waliotolewa na wanakijiji baada ya yeye kuzunguka boma kwa boma akiwaomba. Mfugaji wa Machochwe hatoi ng'ombe kwa sababu ya maneno matamu. Alitoa kwa sababu aliahidiwa kitu kimoja: picha itapigwa hapohapo, na daktari wa Bomani ataisoma siku hiyohiyo bila mgonjwa kupanda gari.

Picha zilipigwa, lakini hazikufika. Mama alibonyeza kutuma, mstari wa kijani ukasogea kidogo kwenye kioo chake, ukasimama, na mwisho ukaja ujumbe kwamba muda umekwisha. Alijaribu tena na tena kwa miezi. Wagonjwa wake waliishia kupita njia ya Nyamongo na bahasha zao mpaka Tarime, kama zamani, na wengine waliona hakuna haja ya kuja kabisa.

Mkuu wangu alikuwa mtu mpole kutoka Tanga, Kiswahili chake kimenyooka, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Lakini kwenye jambo hili alinichosha. Kila nilipomwambia picha hazifiki alinionyesha taarifa zake: jana salamu zimepita, juzi zimepita. Akahitimisha kwamba yule mama anabonyeza vibaya. Akaliandika hilo kwenye muhtasari wa kikao, na muhtasari ukafika Machochwe.

Jumatatu moja tukaambiwa daktari mkuu amechoka kungoja. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma picha zote na ndiye aliyeongoza hospitali, kwa hiyo neno lake halikuwa na mjadala. Mashine ing'olewe Machochwe iletwe Bomani, ambako itafanya kazi. Lori litaifuata Alhamisi.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Naomba nieleze kwa nini, maana wenzangu ofisini walidhani natetea kazi yangu tu. Mimi nimezaliwa Nyakunguru. Baba yangu alichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akivuta vumbi la mawe kwa miaka, na alipoanza kukohoa mimi ndiye niliyemsindikiza kupigwa picha ya kifua. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Tulipewa picha kwenye bahasha ya kaki, tukaambiwa daktari wa kuisoma hayupo, turudi wiki nyingine. Tulirudi, bado hayupo. Mara ya tatu baba hakuweza tena kukaa kwenye gari. Picha ile haikusomwa na mtu yeyote mpaka tunamzika. Kwa hiyo niliposikia mashine inaondolewa Machochwe, sikusikia habari za mashine. Nilijiambia kwamba haitoki pale nikiwa nimekaa naangalia.

Lakini hasira haitengenezi mtandao. Nilikuwa nimeshabadilisha nyaya, nimeshapandisha fundi kwenye mnara, nimeshaweka upya programu ya picha. Kote kulikuwa salama.

Jumanne asubuhi nikamwamkia mama kama kawaida. Akajibu "Marahaba" peke yake, bila mwanangu, bila umeamkaje. Baada ya muda kidogo akanipigia simu.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama. Kwa nini?"

"Jana nimekuandikia maneno mengi. Hukujibu hata moja. Leo unaniamkia kama hakuna kitu. Kama na wewe unaona nabonyeza vibaya, uniambie tu."

Nikatazama. Hakukuwa na ujumbe wowote wa jana zaidi ya salamu. Nikamwuliza aliandika urefu gani.

"Kwani malalamiko mtu anayaandika mafupi? Nilikusalimu kwanza. Nikauliza habari za hapo nyumbani, za mama yako, za watoto wa kaka yako, kama mmevuna. Nikakueleza habari za huku, mvua, tembo walioingia kwenye mashamba, msiba wa jirani. Ndiyo nikaanza kusema yangu."

Nilisimama na simu sikioni. Nilikuwa nimetafuta ubovu kwenye mashine ya eksirei, kwenye programu ya picha, kwenye vidole vya mama wa watu. Na huu haukuwa eksirei wala picha. Ulikuwa ujumbe wa maandishi matupu, kwenye dirisha lilelile la salamu, na ulikwama kwa sababu ulikuwa mrefu.

"Mama," nikamwambia, "naomba uniandikie tena yale yote. Ila anza na salamu peke yake, utume. Halafu salamu na habari za nyumbani, utume. Uwe unaongeza hivyo hivyo."

"Huo ni mchezo gani?"

"Nakuomba tu, mama."

Akaandika. Salamu ikafika. Salamu na nyumbani ikafika. Akaongeza mama yangu, watoto wa kaka, mavuno, mvua; vyote vikafika, na mimi nikisoma kila kitu upya tangu salamu. Alipoongeza tembo, kimya. Nikamwomba aondoe tembo aweke maneno machache tu ya mwanzo wake. Ikafika. Akaongeza kidogo, ikakwama. Tulikwenda hivyo, tukipunguza na kuongeza, mpaka nikawa najua urefu wenyewe unapofia, nikaukadiria kwenye karatasi. Niliijua ile namba.

Nitajaribu kueleza bila kumchosha mtu. Hospitali yetu ilikuwa na seva chache kwenye kabati la chuma, na ndani yake tulikuwa tumekata kompyuta pepe nyingi, kompyuta zisizo na mwili wake: ya duka la dawa, ya maabara, ya mapokezi, ya kupokea picha. Tuliita wingu letu, ingawa lilikaa chini ya bati na feni mbili. Kompyuta hizo zilipata mitandao yake kutoka kwenye fungu moja. Mkuu alitenga fungu la mitandao pepe, na kila huduma mpya ilimegewa wake humo, ili ya dawa isichungulie ya maabara. Kila kitu kinachosafiri kwenye mtandao hukatwa vipande, tunaviita pakiti, na pakiti ina ukubwa wake wa mwisho: baiti elfu moja na mia tano; herufi moja ni kama baiti moja, na ujumbe wa mama ulifia karibu hapo. Sasa mtandao pepe una tabia moja. Kila pakiti inayotoka huvishwa vazi la pili juu ya lile la kwanza, ili ijulikane ni ya mtandao upi. Vazi lile nalo lina unene wake. Pakiti iliyojaa, ikishavishwa, inapita elfu moja na mia tano. Ndiyo maana njia yote ya chini, swichi za mtandao na redio za kuurusha na kila kitu, hutakiwa kuruhusu kama elfu moja na mia sita.

Ndani ya jengo letu tuliruhusu hivyo. Mkuu alipolivuta fungu lilelile mpaka Machochwe kupitia redio za mnarani, redio zilibaki na kipimo chao cha kawaida. Pakiti ndogo kama shikamoo ilivishwa na kupita bila shida. Pakiti iliyojaa kipande cha picha ya kifua ilifika kwenye redio ikatupwa. Redio ikitupa pakiti hutakiwa kumtumia taarifa aliyeituma, kwamba apunguze. Lakini taarifa za namna hiyo tulikuwa tumezifunga zote, kwa ajili ya usalama, pamoja na zile za kupimia njia ambazo fundi mwingine yeyote angezitumia tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mashine ya mama ilituma, ikangoja, ikatuma tena kitu kilekile cha ukubwa uleule, bila mtu wa kuiambia kwamba mzigo hauingii mlangoni.

Nikamweleza mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima. Kisha akatikisa kichwa.

"Dada yangu, fungu lile limebeba hospitali nzima. Ukilibadilisha kipimo, dawa inazima, maabara inazima, mapokezi yanazima. Na redio za mnarani si zetu, tumepangishiwa. Tutawaandikia wenyewe."

"Watajibu lini?"

"Watajibu."

"Lori linaondoka Alhamisi, bosi."

"Najua. Lakini siwezi kuweka wagonjwa wa huku rehani kwa ajili ya mashine moja ya kule."

Hakuwa mjinga na hakuwa mbaya, ndiyo maana iliniuma. Alichosema kilikuwa kweli. Nikarudi mezani kwangu nikakaa na hiyo kweli Jumanne yote iliyobaki na Jumatano karibu nzima. Nilitaka kumgombeza na nikawa sina cha kumgombezea. Mama yangu husema kichwa changu ni kigumu kama cha ndama asiyetaka kufungwa, na siku hizo mbili nilikihitaji.

Kilichonitoa hapo kilikuwa ni kuacha kuiangalia njia na kuwaangalia wanaozungumza. Kompyuta mbili zikitaka kupeana mzigo, nazo husalimiana kwanza. Na kwenye salamu hiyo kila moja humwambia mwenzake: mimi pakiti ninayoweza kupokea ni ya ukubwa huu. Ikisema ndogo, mwenzake hukata vipande vidogo. Sikuhitaji kupanua redio za watu. Sikuhitaji kuligusa fungu la hospitali. Nilihitaji fungu jipya, dogo, la Machochwe peke yake, kipimo chake kipunguzwe mpaka elfu moja na mia nne, na ile kompyuta pepe ya kupokea picha ihamie humo. Itasalimiana na mashine ya mama kwa kusema ukweli kuhusu mlango ulivyo.

Alhamisi asubuhi nikampelekea mkuu mchoro. Wakati anausoma, mama akapiga simu. Lori lilikuwa limefika.

"Wamekuja na kamba," akasema. "Dereva na wapakiaji. Nimewaambia hakuna mgeni anayebeba kitu nyumbani kwangu kabla hajala. Ugali uko jikoni, nyama iko jikoni. Wewe fanya unachofanya."

Mkuu alikuwa amesikia kila kitu, maana simu yangu ina sauti kubwa. Akavua miwani yake, akaifuta na shati, akairudisha.

"Hili fungu lako jipya haligusi la zamani?"

"Haligusi."

"Kompyuta ya picha ikishindwa kuamka huko?"

"Leo haipokei picha yoyote, bosi. Ikifa hatujapoteza kitu."

Akavuta kiti akakaa pembeni yangu. "Haya. Andika, mimi nasoma kila mstari kabla hujabonyeza."

Na kweli alisoma. Nilitenga fungu, akahakiki namba zake. Nikaandika kipimo cha pakiti, akaninyooshea kidole mahali nilipoacha kipimo cha zamani kwenye swichi pepe, na nikimkumbuka kwa kitu chochote chumbani mle nitamkumbuka kwa kile kidole, maana bila yeye tungerudi kulekule. Tukaihamisha kompyuta ya kupokea picha. Ilizimika. Ilichukua muda kuamka, na mkuu akaanza kuimba chini kwa chini wimbo wa kanisani kwangu ingawa yeye ni Mwislamu. Ikaamka na anwani mpya.

Nikampigia mama nimsomee anwani, aiandike kwenye mashine yake. Nyuma yake nilisikia sahani.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyu dereva hali chakula kama watu wanavyokula."

"Mama, anwani."

"Nakusikia. Lakini huyu mura, huyu kijana, anakata tonge, anapumzika. Anakata, anapumzika. Nimemwuliza habari za safari, kila neno analivuta na pumzi. Mura, hiyo pumzi ni ya tangu lini?"

Nikasikia sauti ya mwanamume, Kiswahili cha kule Sirari mpakani. "Ni kifua tu, mathe. Ni vumbi ya barabara. Mimi nimetumwa hii mashine tu."

"Mashine utaibeba. Kula kwanza, halafu tabibu akusikilize."

Nilitaka kupiga kelele. Muda wote huo nilioupigania, na yeye anauliza watu habari za pumzi. Lakini huwezi kumharakisha mtu wa umri ule, hasa akiwa amemshika mgonjwa. Tabibu wa kliniki alikuja, akamsikiliza dereva kifua mbele na nyuma, akaandika apigwe picha. Mama akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wapakiaji wamekwisha kuifunga mashine kamba upande mmoja, lakini upande wa kufanyia kazi bado uko wazi, na kwamba sasa nisome hiyo anwani polepole.

Nikasoma. Akaandika. Nikamwambia kwamba zile picha za zamani zilizokwama ziko kwenye foleni, ataweza kuanza na hizo.

"Hapana. Hii ya leo inatangulia. Naweka alama ya haraka."

Kisha akampiga dereva picha, akabonyeza kutuma, na mkuu akaacha kuimba. Kwenye kioo changu kulikuwa na mstari mtupu. Ukasogea. Ukafika mahali ambapo siku zote ulisimama. Ukapapita. Sikuwa nimewahi kuuona ukiwa upande ule. Ukaenda mpaka mwisho, na jina la faili likatokea chini yake, zima, na ukubwa wake wote.

Mkuu akanishika bega. Nililia, na sioni aibu kusema. Kisha nikatoka mbio kupita uwanja wa hospitali mpaka ofisi ya daktari mkuu, na simu mkononi mama akiwa bado hewani.

Daktari alikuwa anasaini makaratasi. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamwambia kuna picha ya Machochwe kwenye kompyuta yake.

"Machochwe ipi? Mashine si inapakiwa leo?"

"Inapakiwa, daktari. Naomba ufungue."

Akafungua, nafikiri ili niondoke. Picha ikajaa kioo. Mbavu, moyo, pafu moja jeusi lenye hewa, na upande wa pili weupe mtupu uliopanda karibu nusu. Daktari akaweka kalamu chini. Akasogea karibu, akaikuza, akairudisha, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtu aliye kazini.

"Huyu ana maji kifuani. Mengi. Yuko wapi?"

"Yuko na mama wa picha, daktari. Yuko hewani."

Akachukua simu yangu. "Mama, mgonjwa huyu amefikaje hapo?"

"Amekuja anaendesha," mama akasema. "Ndiye dereva wa lori lako."

Daktari akaigeukia tena kompyuta. Macho yake yalikuwa kwenye picha.

"Asiendeshe tena. Akae, asilale chali. Natuma gari la wagonjwa limlete, na tabibu amchukue makohozi sasa hivi. Angefika njiani huyu akakata pumzi kwenye usukani."

"Sawa, daktari. Na hii mashine? Wapakiaji wameshaifunga kamba."

Nilimtazama. Yeye ndiye aliyesaini iondoke. Aliitazama picha mara moja zaidi, ile iliyotoka ng'ambo ya mto ikafika mezani kwake kabla dereva mwenyewe hajatoka kliniki.

"Waambie wafungue," akasema.